Alama Kumi za Fidia

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Bwana Kingori, alilisukuma faili juu ya meza mpaka likagusa mkono wa Inspekta Mugendi, kisha akarudia chai yake. Lilikuwa faili jembamba. Ndani mlikuwa na taarifa ya mkuu wa chuo, taarifa ya bawabu, na shtaka lenyewe, ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa taipu na lilingoja sahihi tu.

"Gari ya korti inatoka saa nane," Kingori alisema. "Soma, weka sahihi, uende ulale. Unakaa mgonjwa."

Mugendi hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka, na kwa mtu aliyekaa kazini miaka ishirini na sita, kumi na mmoja ya mwisho akiwa na cheo kilekile, tofauti ya mambo hayo mawili haionekani kwa urahisi. Alivaa miwani akasoma.

Habari yenyewe Nyeri nzima iliijua. Ijumaa iliyopita, tarehe nne Februari 1994, gazeti lilikuwa limetoa orodha ya vyuo vya ualimu kwa kufuata matokeo ya mtihani. Chuo cha Kiarithi, kilichoko upande wa Wamagana, kilikuwa cha tatu mwaka uliotangulia. Sasa kilikuwa cha ishirini na mbili, na vyuo vyote vilikuwa ishirini na vinne. Ulikuwa mwaka wa pili tangu uchaguzi wa vyama vingi, na Nyeri ilikuwa imewapigia wapinzani kura hadi masanduku yakafurika. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka huo kila kilichoharibika Nyeri kilikuwa kimeharibiwa na Nairobi: barabara, bei ya kahawa, simu, na mvua ikichelewa watu walitazama upande wa kusini. Baadhi ya hayo yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchosha Mugendi zaidi, kwa sababu penye ukweli kidogo watu hawaoni haja ya kuuliza tena.

Wahitimu walioitwa Jumatatu kuchukua matokeo yao walikataa kuondoka chuoni. Vijana mia moja na themanini walikaa uwanjani wakidai jambo moja: faili la nakala za alama za mazoezi ya kufundisha lifunguliwe mbele yao na mbele ya mbunge, Alhamisi saa nne, ili kila mtu aone alama zilizotoka Kiarithi zilikuwa ngapi na Nairobi ilikata ngapi. Alhamisi ilifika, mbunge akafika, kabati likafunguliwa. Faili halikuwamo. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa mkuu wa chuo, ambaye alisema aliupoteza wakati wa Krismasi, na mwingine wa karani wa mitihani. Karani aliitwa Kagwiria, msichana wa Meru, na ndugu ya baba yake alikuwa chifu na mtu mkubwa wa chama tawala huko kwao. Jumapili majirani walikuwa wameliona gari la chifu huyo mlangoni pake, na mfuko ukishushwa. Kufikia adhuhuri Kagwiria alikuwa seli, na uwanjani watu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba amenunuliwa ili afiche wizi wa Nairobi.

"Huyo si ni wenu?" Kingori aliuliza, akitazama kikombe.

Mugendi alitoka Chuka. Zamani alizoea kueleza kwamba Chuka ni Chuka na Meru ni Meru, lakini kwa watu wa Nyeri mtu yeyote aliyetoka ng'ambo ile ya mlima ni Mmeru, na yeye aliacha kueleza mwaka aliponyimwa uhamisho mara ya tatu. Alisema atasaini akishamwona mshukiwa, akashuka seli.

Kagwiria alikuwa ameketi juu ya sweta yake iliyokunjwa vizuri, mgongo wima, kama mtu aliye zamu. Alikuwa na miaka ishirini na saba hivi. Mugendi alimuuliza kuhusu mfuko, akaambiwa ulikuwa wa viazi vikuu na ndizi za mama yake, na maganda bado yako jikoni kama kuna mtu anataka kuyahesabu. Alimuuliza kuhusu ufunguo, akaambiwa hulala nao shingoni. Alimuuliza nani mwingine alijua lililokuwamo katika faili lile. Hapo Kagwiria alichelewa kidogo kujibu.

"Mimi hupiga taipu tu, afande. Mtu akileta kitu, napiga, narudisha. Hata mkiniletea barua ya kunifuta kazi, nitaipiga na nitaisahihisha."

Mugendi alimwambia gari linaondoka saa nane.

"Najua," alisema. "Na nikishaingia korti leo, hata wakisema kesho sina makosa, hakuna ofisi itanipatia taipureta tena. Mama yangu atasikia kwa redio. Hiyo ndiyo kitu inaniuma."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mugendi aliweka shtaka mfukoni bila kulisaini, akachukua ufunguo wa Landrova ya zamani ambayo hakuna konstebo aliyeitaka.

*

Mkuu wa chuo, Mwalimu Muriithi, alikuwa mrefu, mzee wa kanisa, mwenye tai na sweta hata jua likiwaka. Alimpokea Mugendi kwa heshima na kumwonyesha ofisi ya mitihani. Aliongea sana njiani, juu ya vipimo viwili vya Nairobi, kimoja cha watu wao na kimoja cha watu wa mlima, na jinsi yeye mwenyewe alivyolia alipoona gazeti. Mugendi aliamini kwamba alilia.

Kabati lilikuwa la chuma. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Mafaili mengine yote yalisimama kwa mpangilio wa miaka, vumbi juu yao halijaguswa, na mahali pa mwaka 1993 palikuwa na pengo moja safi. Aliyelichukua alijua anachotafuta, na hakuwa na haraka.

Kwenye meza ya Kagwiria taipureta ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Kando yake lilikaa daftari la vifaa, na Mugendi, ambaye alianza kazi akiwa mlinzi wa stoo, aliketi kulisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Karani huyu aliandika kila karatasi iliyotoka mkononi mwake: imeenda wapi, ya nani, nakala ngapi. Kwaya, kamati ya maziwa, kamati ya mazishi, kamati ya choo cha wasichana. Katika orodha hiyo kulikuwa na kamati iliyotokea mara mbili tu. Tarehe 27 Oktoba 1993: Kamati Maalum, karatasi tano, kaboni nne. Tarehe 9 Februari 1994: Kamati Maalum, karatasi tano, kaboni nne.

Tarehe tisa ilikuwa juzi, Jumatano. Faili lilionekana mara ya mwisho Jumatano mchana.

Mugendi aliuliza Kamati Maalum ni ya nini.

"Kamati ni nyingi hapa, Inspekta," Muriithi alisema. "Hata mimi zingine nazisahau."

Alisema hivyo akirekebisha tai iliyokuwa imenyooka. Mugendi alilifunga daftari, akaomba kulichukua, akatoka uwanjani.

Mwenyekiti wa wahitimu alikuwa kijana aitwaye Mutahi, mwana wa mkulima wa kahawa, macho mekundu kwa kulala nje. Kituoni walikuwa na jina lake kwenye orodha ya wachochezi, na Kingori alikuwa amedokeza kwamba kama si karani basi ni huyu, maana alionekana Jumatano akizunguka ofisi na kipande cha chuma. Mutahi hakukana.

"Ni kweli nilizunguka. Nililinda," alisema. "Afande, hiyo file ndiyo ushahidi yetu. Nani kati yetu angeiba ushahidi yake?" Akatoa karatasi ya matokeo mfukoni, imekunjwa mpaka inaanza kukatika. "Ona. Mazoezi ya kufundisha, hamsini na tatu. Nimeanguka. Sasa kuja uone ile tuliwekewa kwa ubao."

Alimpeleka kwenye ubao wa matangazo. Chini ya kioo orodha ya Novemba bado ilikuwa imebandikwa, na sahihi ya mkuu wa chuo chini yake. Mutahi: sitini na nane. "Nani alikula kumi na tano?" aliuliza, na vijana waliomzunguka wakamgeukia Mugendi wasikie jibu, kana kwamba yeye ndiye aliyezila.

Mugendi alitoa kalamu. Aliuliza jambo dogo, namna alama hizo zinavyoandikwa siku ya kwanza. Mutahi alieleza kama mwalimu anayemweleza mtoto mzito. Mkufunzi anakuja darasani, anaketi nyuma, anakutazama ukifundisha, kisha anaandika kwenye kitabu chenye kaboni. Karatasi nyeupe ni ya kuandalia orodha ya chuo inayopelekwa Nairobi, na orodha ikishapigwa taipu huchomwa. Ya manjano huingia faili la chuo, na ndiyo hiyo iliyoibwa.

"Ni mbili tu?"

"Kuna ya pinki. Hiyo hubaki kwa mwalimu mkuu wa shule yenye ulifundisha. Lakini hatuonyeshwagi."

"Kuna mtu ameenda kuziuliza?"

Mutahi alitazama wenzake. Hakuna aliyekwenda. Kwa nini mtu aende, na jibu kila mtu alikuwa nalo tangu Ijumaa? Mugendi alinakili kutoka ubaoni majina sita ya waliofundisha katika shule moja huko Wamagana, pamoja na alama zao, akaingia kwenye Landrova. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

*

Mwalimu mkuu wa shule hiyo, Bi. Kagure, alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, aliyeweka nyaraka zake katika bati kubwa la biskuti kwa sababu panya hawali bati. Hakutaka kuamini kwamba askari ametoka Nyeri mjini kwa ajili ya zile karatasi za pinki, za rangi ya waridi. Alizitafuta, akazipanga juu ya meza, akasoma kwa sauti huku Mugendi akifuatisha kwa kidole kwenye orodha yake.

Mutahi, hamsini na nane. Ubaoni sitini na nane. Wa pili, sitini na moja. Ubaoni sabini na moja. Wa tatu arobaini na tisa, ubaoni hamsini na tisa. Alipofika wa nne Bi. Kagure aliacha kusoma, akainamia orodha ya Mugendi na kumalizia mwenyewe kimya kimya. Kisha alivua miwani.

"Wote ni kumi," alisema. "Ngai, Mungu wangu. Wote ni kumi kamili."

Alikaa kidogo, halafu akaeleza asichoulizwa, maana alikuwa mtu wa haki na hakuweza kukaa nalo. Mwaka uliopita ilitoka sheria mpya. Wakaguzi wa nje huja kupima wanafunzi wachache wa kila chuo, bila taarifa. Alama zao zikitofautiana na za chuo kwa zaidi ya tano, Nairobi huondoa tofauti yote kwa chuo kizima, na huondoa tano nyingine za adhabu. Mkaguzi alikuja hapa Oktoba. Alimpima Mutahi na kumpa hamsini na nane, sawasawa na mkufunzi wake.

Mugendi alipiga hesabu pembeni mwa daftari, ingawa alikwisha kuliona jibu. Sitini na nane, toa kumi, toa tano. Hamsini na tatu. Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini na tano. Kijana yule alikuwa amefaulu kwa alama zake mwenyewe, na akaangushwa na alama za kupewa. Waliopiga hesabu hiyo walikuwa watu wazima waliosomea kufundisha watoto hesabu. Mugendi alihisi hasira, jambo ambalo halikuwa limempata kazini kwa muda mrefu, na hakuipenda.

"Kwa hivyo si Nairobi?" Bi. Kagure aliuliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba ajibiwe vingine.

"Nairobi walimaliza, mwalimu. Walioanza wako karibu."

Mengine yalijipanga yenyewe njiani. Faili la manjano likifunguliwa mbele ya mbunge, nani angeumia? Si Nairobi. Lingeonyesha hamsini na nane, huku ubaoni pakisomeka sitini na nane na sahihi ya Muriithi chini. Lakini karatasi za waridi zingeonyesha tu kwamba kumi ziliongezwa. Hazikusema zimeongezwa na nani, na Kingori angesema upesi kwamba zimeongezwa na karani. Mugendi alihitaji Kamati Maalum, na alijua jambo moja juu ya watu wa Nyeri baada ya kuishi nao miaka tisa. Watu watatu hapa hawawezi kukubaliana kununua mbuzi bila mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, na mkutano usioandikwa ni kama haukufanyika.

*

Alimpata Mwalimu Griffins katika chumba cha wakufunzi, peke yake, akipigia mistari kitabu cha mahudhurio kwa rula. Alifundisha hesabu, kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Mugendi alikuwa amemwona akipita asubuhi, akamchagua kwa sababu ya hizo kalamu: mtu wa namna hiyo ndiye hufanywa mwandishi.

Aliketi bila kualikwa, akavua kofia. Alisema kwa sauti ya kuchoka, na hiyo hakuhitaji kuiigiza, kwamba habari ya Kamati Maalum ameisikia yote. Kinachomsikitisha ni namna ilivyoendeshwa. Wasomi wazima kukaa mara mbili bila agenda, bila mwandishi, mtu anasema anachotaka na mwingine anaitikia, kama watu wa kilabu cha pombe.

Griffins aliweka rula chini. "Nani amekuambia hakukuwa na mwandishi?"

"Ndivyo inasemekana."

"Mimi ndiye mwandishi," Griffins alisema, akinyoosha mgongo. "Hakuna mkutano nimewahi andika nikakosa agenda. Hakuna. Minutes zote ziko, zimesomwa, zimekubaliwa, zimewekwa sahihi."

Alifungua droo akatoa folda ya kijani na kuiweka mbele ya Mugendi. Mkono wake ulipokuwa bado juu ya folda ndipo alipoelewa alichofanya. Mugendi aliusogeza mkono huo taratibu, kama anavyoondolewa mtoto karibu na moto, akaanza kusoma.

Mkutano wa tarehe 26 Oktoba 1993. Waliohudhuria: watano. Ulifunguliwa kwa maombi. Jambo la tatu: Kamati ilitambua kuwa Nairobi itakata alama za vyuo vya mlimani kwa sababu ya kura. Ilikubaliwa kila mwanafunzi aongezewe alama kumi za fidia kabla ya kukatwa, na orodha ya chuo ipigwe taipu upya. Lilipendekezwa, likaungwa mkono, likapita. Mkutano ulifungwa kwa maombi.

Mkutano wa tarehe 8 Februari 1994. Waliohudhuria: walewale. Jambo la pili: faili la nakala za manjano litolewe kabatini na litunzwe na Mwenyekiti, Mwalimu Muriithi, hadi mambo yatulie. Jambo la tatu Mugendi alilisoma mara mbili. *Ikilazimu apatikane mtu wa kubeba lawama, Kamati iliona karani wa mitihani anafaa, kwa kuwa si mwenyeji wa hapa, na baba yake mdogo ni chifu wa chama tawala, hivyo haitakuwa vigumu kuaminika. Lilipendekezwa na Mweka Hazina, likaungwa mkono na Mwandishi. Hakuna aliyepinga.*

"Mweka hazina wa nini?" Mugendi aliuliza. "Mlikuwa na hazina gani?"

Griffins alisema kwamba kamati lazima iwe na mweka hazina. Kisha akaanza kulia, kimya, akiwa bado amenyooka kwenye kiti.

Muriithi hakulia. Mugendi alipoziweka karatasi juu ya meza yake, mkuu wa chuo alisoma sahihi yake mwenyewe, akainuka, akamwongoza mpaka nyumba yake nyuma ya kanisa la chuo. Alitoa faili katika kasha la vitabu vya nyimbo. Alisema hakuiba kitu. Alikuwa akiwarudishia watoto kilicho chao kabla hakijachukuliwa.

"Mwaka wa kabla ya huo walikata ngapi?" Mugendi aliuliza.

Muriithi alifikiri. Alisema hakuna anayejua hasa.

"Mlikuwa wa tatu, mwalimu. Wakakata, mkawa wa tatu?"

Muriithi alisimama pale akishika kifuniko cha kasha. Halafu, kama mtu aliyebakiwa na karata moja, alichomoa waraka kutoka mwisho wa faili akampa. Ulitoka ofisi ya mitihani, na ulitumwa kwa wakuu wote wa vyuo. Ulitaja vyuo vinne vilivyovuka tofauti ya alama tano. Kiarithi kwa tofauti ya kumi, viwili vingine kwa saba na nane, vyote vitatu vimekatwa. Cha nne kilikuwa cha upande ule uliopiga kura vizuri machoni pa chama tawala. Tofauti yake ilikuwa kumi na mbili, na mbele yake paliandikwa neno moja: kimesamehewa.

"Sasa uniambie tumeota," Muriithi alisema.

Mugendi hakumwambia hivyo. Aliusoma waraka, akaukunja, akauweka pamoja na vingine. Palikuwa na kosa hapo, labda kubwa kuliko hili lililomleta, na hakuna mtu katika nchi hii angempa gari wala mafuta ya kwenda kulitafuta. Aliyekuwa seli alikuwa mmoja, na saa ilikuwa saba kasoro dakika kumi.

*

Kingori alisoma kumbukumbu za mikutano akiwa amesimama. Alisoma polepole, na alipofika jambo la tatu la mkutano wa pili aliketi.

"Hawa ni watu wetu, Mugendi. Ni wazee wa kanisa. Wengine wamefundisha watoto wangu."

"Ndio, afande."

"Unaweza kungoja Jumatatu. Huyo msichana hatakufa na wikendi moja."

Mugendi alisema kwamba folda, faili na karatasi za waridi ameziandikisha mezani katika kitabu cha matukio, kila moja na saa yake, na kwamba Bi. Kagure anajua ziko hapa. Alisema hivyo bila ubishi. Hakuwa na nguvu za ubishi. Kingori alionekana naye mchovu, mtu aliyelinyooshea kidole gazeti la Ijumaa kwa hasira kama wengine wote.

"Hakimu hasomi mwandiko wako," alisema mwishowe. "Lete taarifa imepigwa taipu kabla ya saa nane, niliondoe lile shtaka la kwanza. Isipokuwa tayari, gari inaenda na yeye."

Ilikuwa saa saba na robo. Mpiga taipu wa kituo alikuwa kwenye mazishi Karatina tangu asubuhi. Mugendi alijaribu mwenyewe kwa vidole viwili, akaharibu karatasi mbili, akatazama saa. Kisha alishuka seli, akafungua mlango, akamwambia Kagwiria avae sweta aje.

Alimweka mbele ya taipureta ya kituo na kumwekea kando maelezo yake ya mkono, na folda ya kijani juu yake. Kagwiria aliifungua folda, akaitazama bila mshangao, akaifunga.

"Hizi ulizipiga wewe," Mugendi alisema.

"Jumatano asubuhi. Alileta Mwalimu Griffins. Alikuwa amekosea tarehe, nikamsahihishia."

"Na jambo la tatu ulilisoma?"

"Nililipiga, mzee. Huwezi piga usisome."

Mugendi alivuta kiti. Alimuuliza kwa nini hakusema asubuhi, na Kagwiria akamuuliza naye neno lake lingesimama wapi mbele ya watu watano waliofungua kwa maombi. Hilo lilikuwa na jibu, na wote wawili walilijua. Akamuuliza basi kwa nini hakukimbia Jumatano yenyewe, akapanda gari akaenda kwao, alipokuwa na siku nzima na miguu miwili.

Kagwiria alikuwa akipanga kaboni kati ya karatasi, akigongagonga kingo zake mezani zilingane.

"Miaka minne niko hapo," alisema. "Choo ya wasichana wameiandika kwa minutes mara saba. Imependekezwa, imeungwa mkono, imepita. Mpaka leo wasichana wanaenda haja kwa mashamba ya kahawa. Nikaona na hiyo yangu itakuwa hivyo tu: itapita kwa karatasi, haitafanyika."

Mugendi alimsogezea maelezo yake ya mkono. Nje dereva wa gari la korti aliwasha injini akaiacha ikinguruma.

"Nakala ngapi?" Kagwiria aliuliza.

"Huwa ni tatu," Mugendi alisema. Kisha akafikiria rangi tatu, na kabati, na bati la biskuti. "Weka nne. Moja ukae nayo wewe."

Kagwiria aliongeza karatasi moja na kaboni moja, akazizungusha mpaka zikanyooka, akaanza kupiga. Alipiga haraka, bila kutazama vidole, na alipofika kwenye jina lake alipita juu yake kwa mwendo uleule.